Nyuzi zilizofichika katika mapaa ya zamani: mambo ya kujua kuhusu asbesto

Katika ziara zetu za kukagua majengo ya sharika, swali moja limekuwa likirudi karibu kila tunapofika. Kamati ya majengo inatutembeza katika nyumba ya mchungaji, darasa la chekechea au zahanati ya zamani, kisha mzee mmoja ananyosha mkono kuelekea juu ya paa na kuuliza: "Haya mabati ya saruji mnayosema yana madhara, mbona tumekaa chini yake miaka arobaini na tupo?"

Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kuwatisha watu. Linajibiwa kwa kueleza mabati hayo yametengenezwa kwa kitu gani, na kitu hicho kinafanya nini kinapokuwa kimetulia na kinapokuwa kimevunjika. Ndiyo maana katika toleo hili tumeona ni vyema tulieleze jambo hili tangu mwanzo wake, ili kamati zetu na wafadhili wetu waweze kuamua wakiwa na ufahamu.

Fuwele na nyuzi

Tuanzie jikoni. Ukichukua punje ya chumvi na kuitazama kwa kioo cha kukuzia, utaona ina pande bapa kama dadu. Hiyo ni kwa sababu chembe ndogo kabisa zinazounda chumvi zimejipanga kwa mistari iliyonyooka, kila moja mahali pake, kama tofali katika ukuta wa fundi mzuri. Kitu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia namna hiyo huitwa fuwele. Sukari ni fuwele, barafu ni fuwele, na mawe mengi ni fuwele.

Fuwele ya chumvi hukua kwa kiasi kilekile pande zote, ndiyo maana inakuwa na umbo la dadu. Lakini zipo fuwele ambazo chembe zake hushikana kwa nguvu sana kuelekea upande mmoja, na kwa udhaifu pande nyingine. Fuwele za namna hii huota ndefu na nyembamba, na zikiwa nyingi pamoja zinakuwa kama mganda wa nyuzi. Kuuvunja mganda huo kwa kuukata katikati ni kazi ngumu, lakini kuuchana kwa urefu ni rahisi.

Jambo hili tunaliona kila siku bila kulitafakari. Chukua kamba ya plastiki inayofungia mizigo sokoni. Ukiivuta kwa mikono miwili haikatiki, bali ukiichana kwa ukucha inatoka nyuzi, na kila uzi unatoa nyuzi nyembamba zaidi. Plastiki hiyo ni polima, maana yake ni kitu kilichoundwa kwa minyororo mirefu ya chembe. Kiwandani plastiki huvutwa ikiwa bado ina joto, na minyororo iliyokuwa imesokotana ovyo hunyooka na kulala pamoja kuelekea upande mmoja, na sehemu yake kubwa inakuwa fuwele. Utepe uliovutwa hivyo ndio unaofumwa kuwa kiroba, na ndiyo sababu kiroba chepesi kinabeba mahindi bila kupasuka.

Mkonge nao una siri hiyohiyo, ila umepewa na maumbile. Nguvu ya uzi wa mkonge inatokana na selulosi, ambayo ni minyororo mirefu iliyoungwa kwa chembe za sukari na kulala sambamba ndani ya kila uzi. Miche 62 iliyosalia hai katika shehena ya Richard Hindorf mwaka 1893 ndiyo iliyoanzisha mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga na kwingineko, na kamba zake zilifunga mizigo duniani kote. Nguvu zote hizo zilitokana na jinsi chembe zilivyojipanga.

Jiwe linalochambuka kama pamba

Asbesto ni jina la pamoja la madini sita ambayo fuwele zake ni nyuzi. Ni mawe halisi yanayochimbwa ardhini, lakini jiwe lake ukilisugua linatoa nyuzi laini kama pamba inayochambuliwa. Asbesto iliyotumika kuliko zote duniani ni ile nyeupe, iitwayo krisotili. Nyingine zilizotumika sana ni ya buluu, iitwayo krosidoliti, na ya kahawia, iitwayo amositi.

Umbo la krisotili ni la ajabu. Imeundwa kwa tabaka mbili nyembamba mno zilizobandikana, lakini tabaka moja ni pana kidogo kuliko nyingine. Kwa kuwa hazilingani, zinajikunja, kama jani linavyojikunja likikauka zaidi upande mmoja. Matokeo yake ni mirija midogo sana yenye upana wa takriban nanomita 25. Ukiilaza mirija hiyo sambamba, zaidi ya elfu mbili inaenea katika upana wa unywele mmoja wa mtu. Asbesto ya buluu na ya kahawia hazijikunji. Zenyewe ni minyororo miwili miwili iliyonyooka, iliyofungwa pamoja kama mianzi, na zinapochanika zinatoa nyuzi zilizonyooka kama sindano.

Nyuzi hizi haziungui kwa moto wa kawaida, haziozi, haziliwi na mchwa, na zinastahimili kuvutwa kuliko vyuma vingi. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kisichozimika. Si ajabu watu waliona wamepata zawadi kubwa.

Kwa nini ilitiwa katika saruji

Saruji ina nguvu inapokandamizwa, lakini ikikunjwa inapasuka. Babu zetu walilijua tatizo kama hilo katika udongo, wakachanganya matope na majani makavu ili ukuta usipasuke. Wasomaji wa Kitabu cha Kutoka sura ya 5 wanakumbuka jinsi watu wa Israeli walivyotaabika waliponyimwa majani ya kufyatulia matofali. Kanuni ni moja: kitu kigumu kinachovunjika upesi kikichanganywa na nyuzi zisizokatika upesi, kila kimoja kinaufunika udhaifu wa mwenzake.

Mwaka 1901 Ludwig Hatschek wa Austria alipata hataza ya kutengeneza bamba za saruji na asbesto. Alitumia mtambo uliofanana na wa kutengenezea karatasi, ambao ulichota uji wa saruji na nyuzi na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Kwa kawaida nyuzi zilikuwa asilimia 10 hadi 15 hivi ya bamba, na kilichobaki kilikuwa saruji. Bamba hilo lilikuwa jembamba, jepesi, halipati kutu, na chini yake nyumba haikuwa na joto kali wala kelele za mvua kama chini ya bati la chuma. Bei yake pia haikuwa kubwa. Kwa sababu hizo lilienea dunia nzima, na likafika katika misheni, shule, hospitali na nyumba za serikali hapa kwetu. Waliotujengea walitafuta kilichoonekana kuwa bora kwa wakati wao, na hatuna sababu ya kuwalaumu.

Wataalamu walijaribu pia kutumia mkonge badala ya asbesto. Katika miaka ya 1980, Kenya na Tanzania zilijaribu vigae na mabamba ya saruji yenye nyuzi za mkonge. Tatizo lililojitokeza ni kwamba ukali wa magadi yaliyomo ndani ya saruji hula nyuzi za mkonge polepole, na baada ya miaka kadhaa bamba linakuwa jepesi kuvunjika. Asbesto hailiwi na magadi hayo. Basi tazama: sifa iliyoifanya ipendwe, yaani kutooza na kutoyeyuka, ndiyo inayoifanya iwe adui ikishaingia mwilini.

Nguvu ileile inavyodhuru

Asbesto ikisuguliwa, ikikatwa kwa msumeno au ikivunjwa, nyuzi zake huchanika kwa urefu na kuwa nyembamba zaidi na zaidi, mpaka zisionekane kwa macho. Zinaelea hewani kwa saa nyingi. Kwa kuwa ni nyembamba, zinapita katika vizuizi vya pua na koo hadi ndani kabisa ya mapafu. Huko zipo seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza takataka. Lakini uzi wenye urefu kuliko seli yenyewe haumezeki. Seli inajaribu, inashindwa na kuumia, na mahali pale panabaki na uvimbe usiokwisha na makovu. Nyuzi za buluu na za kahawia zinaweza kukaa humo kwa miongo mingi.

Ni lazima tueleweke vizuri hapa: si kila fuwele yenye nyuzi inadhuru. Jasi, kama ile inayochimbwa Makanya wilayani Same, nayo huweza kuota kwa umbo la nyuzi, lakini huyeyuka katika maji, hivyo haikai mwilini kwa muda mrefu. Kwa upande mwingine, katika vijiji vya Karain, Tuzköy na Sarıhıdır nchini Uturuki hapakuwa na kiwanda cha asbesto, lakini watu wengi walikufa kwa saratani ya utando wa mapafu. Chanzo kilikuwa erioniti, madini mengine yenye nyuzi, ambayo yalikuwa ndani ya mawe waliyojengea nyumba zao. Kwa hiyo mambo matatu yakikutana, yaani uzi mwembamba, uzi mrefu na uzi usioyeyuka, hapo ndipo penye hatari, hata kama jina la madini ni lingine.

Dunia ilichelewa kukubali. Mwaka 1924 Nellie Kershaw, aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto huko Rochdale, Uingereza, alifariki akiwa na umri wa miaka 33, na daktari William Cooke akaandika habari za mapafu yake yaliyojaa makovu. Mwaka 1960 Wagner na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu, karibu wote wakihusishwa na maeneo ya machimbo ya asbesto ya buluu katika jimbo la Cape, Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba. Waliishi tu karibu na machimbo, au walicheza huko utotoni. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku yake mwaka 2005, na Afrika Kusini ikapiga marufuku mwaka 2008. Leo Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, na linakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kutokana na asbesto waliyoivuta kazini.

Sasa tumjibu yule mzee. Bati lililo zima limezifunga nyuzi zake ndani ya saruji, na anayelala chini yake havuti vumbi jingi. Ndiyo maana amekaa salama, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini bati huchakaa. Mvua na jua hula saruji ya juu, nyuzi zikabaki wazi, na siku fundi anapopanda na nyundo mambo yanabadilika. Aidha, ugonjwa wenyewe hauji upesi. Saratani ya utando wa mapafu kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta vumbi. Kijana aliyebomoa paa akiwa na miaka 20 anaweza kuugua akiwa babu, na hakuna atakayekumbuka paa lile.

Kosa letu wenyewe

Tusingekuwa wakweli kama tungeandika haya bila kusema yaliyotupata. Miaka ya nyuma ofisi yetu ilisimamia ukarabati wa jengo moja la usharika. Fedha za mabati mapya zilipatikana, vijana wakajitolea kwa msaragambo, na paa la zamani likashushwa kwa siku mbili. Mabati yalitupwa chini yakavunjika. Akina mama walifagia vumbi bila kunyunyiza maji. Vipande vizima tuliwagawia waliofanya kazi kama shukrani, wakaezekea mabanda ya nguruwe na majiko. Katika taarifa yetu tuliandika kwamba hakuna kilichopotea.

Tulipokuja kuelewa, tulirudi nyumba kwa nyumba na orodha ya majina. Kuna mahali tulikuta watoto wakichorea ardhini kwa vipande vya bati kama chaki. Tulikusanya tulivyoweza, tukaomba radhi, na tukawaeleza watu ukweli. Vumbi la siku zile mbili hatuwezi kulirudisha. Tunachoweza ni kuhakikisha halirudiwi katika usharika mwingine.

Kamati za sharika zifanye nini

*Kutambua.* Bati la asbesto ni la kijivu, nene kuliko bati la chuma, lina mawimbi makubwa, haligandi kwenye sumaku, na likigongwa halilii kama chuma. Hata hivyo yapo mabati mapya ya saruji yanayofanana nalo ambayo hayana asbesto. Hayo hutiwa nyuzi za selulosi au za polima iitwayo polivinili alkoholi, ambazo kwa kawaida ni nene mno kufika ndani ya mapafu. Uhakika unapatikana maabara tu. Msivunje kipande ili kuangalia. Kama jengo ni la zamani na hamna uhakika, lihesabuni kuwa lina asbesto.

*Paa likiwa zima.* Liacheni lilivyo. Lisisuguliwe kwa brashi ya waya, lisitobolewe, lisikatwe kwa msumeno, wala mtu asilikanyage, maana mabati haya huvunjika ghafla na watu wameanguka. Likagueni kila mwaka mkiwa chini na muandike mnachokiona.

*Maji ya mvua.* Wengi wametuuliza kuhusu matangi. WHO halijaweka kiwango cha mwisho cha asbesto katika maji ya kunywa, kwa sababu ushahidi wa madhara kwa njia ya kumeza si thabiti kama ule wa kuvuta hewani. Hatari iliyo karibu zaidi ni tope la kwenye mifereji, ambalo likikauka linakuwa vumbi. Litolewe likiwa bichi, lifungwe, lisimwagwe uani.

*Paa likiwa limechakaa.* Msianze kazi kwa msaragambo. Wasilianeni kwanza na ofisi yetu, kisha tutakwenda pamoja kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, na kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ili kupata maelekezo na mahali palipoidhinishwa pa kuzika. Kazi yenyewe hufanywa na watu waliofundishwa. Mabati hulowanishwa, hufunguliwa bila kuvunjwa, hushushwa kwa mikono moja moja, hufungwa katika nailoni nene na kuandikwa yaliyomo. Kitambaa puani au barakoa ya hospitali haitoshi. Inatakiwa barakoa maalumu ya kuchuja vumbi laini. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani, kwa sababu wapo wake wa wafanyakazi waliougua kwa kufua tu nguo za waume zao.

*Vipande vilivyozagaa.* Vilowanisheni, viokoteni, vifungeni na kuviweka mahali watoto hawafiki. Visipondwe kwa ajili ya sakafu au njia.

Neno kwa wafadhili wetu

Bajeti nyingi za ukarabati tulizowahi kuwaletea zilikuwa na mistari ya mabati, mbao, misumari na ufundi. Hazikuwa na mstari wa kushusha paa la zamani kwa usalama, na tulipoombwa kupunguza gharama hatukuwa na cha kutetea. Kuanzia sasa kila andiko la mradi wa kuezeka upya jengo la zamani litakuwa na mstari huo: upimaji wa maabara, vifaa vya kujikinga, nailoni, usafiri na maziko ya mabati. Inawezekana kwa fedha ileile tukaezeka majengo mawili badala ya matatu. Tunaomba mlikubali hilo pamoja nasi, kwa kuwa jengo la tatu lingelipiwa na mapafu ya vijana wetu.

Katika miezi mitatu ijayo tutatuma fomu fupi kwa kila usharika, ili kamati ya majengo iorodheshe mapaa yote ya saruji na hali yake. Tafadhali ijazeni mkiwa chini, bila ngazi na bila nyundo, na muirudishe ofisini kupitia jimbo. Tukishajua yako mangapi na yapi yamechakaa zaidi, tutaanza na yale yaliyo juu ya vichwa vya watoto.